Kadi Ililipa Kitanda. Kisu Nani Alilipa?

Wasee, leo nipeni dakika kumi za historia. Najua neno lenyewe linawakumbusha mwalimu aliyewalazimisha kukariri miaka na majina ya magavana wa Kiingereza. Hii ni tofauti. Hii historia iko kwa simu yako. Bonyeza *147# na SHA watakuambia kama wewe ni mwanachama. Kile hawatakuambia ni jinsi tulivyofika hapo, na kama hiyo kadi yako itakusaidia siku utahitaji kupasuliwa.

Nimesema kupasuliwa makusudi. Kila serikali inapotangaza mpango mpya wa bima ya afya, picha inayotembea ni ya mama na mtoto kwa zahanati wakipewa dawa. Sawa, hiyo ni muhimu. Lakini malaria unaweza kukopa mia tano kwa jirani ukatibiwa. Upasuaji haukopeki hivyo. Apendiksi ikipasuka, mtoto akikwama tumboni, au mfupa wa mguu ukitoka nje ya ngozi, unahitaji vitu vingi kwa wakati mmoja: chumba cha upasuaji, stima isiyopotea, damu, daktari wa kukata, mtu wa kukulaza usingizi na kukuamsha, na pesa nyingi kwa mkupuo. Kimoja kikikosa, hivyo vingine havina kazi.

Ndio maana mimi hupima bima ya afya kwa upasuaji. Na si mimi peke yangu. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilitoa ripoti iliyosema watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji salama wanaoweza kuumudu. Wakasema pia kwamba kila mwaka watu milioni 33 huangukia gharama za kuwafilisi kwa sababu ya kulipia upasuaji. Halafu wakapendekeza kipimo rahisi. Chukua hospitali ya karibu nawe, ile unaweza kufika kwa saa mbili. Je, inaweza kumzalisha mama kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoka nje? Ikiweza hizo tatu, pengine inaweza mengi mengine. Ikishindwa, hiyo ni hospitali ya kulaza watu tu.

Wekeni hicho kipimo akilini, tutembee nacho tangu uhuru.

Miaka ya kwanza baada ya 1963, serikali ilikuwa imeahidi kupigana na maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1965 ikaondoa ile ada ya shilingi tano iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni kwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka uliofuata, 1966, Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha NHIF. Mfuko ulikuwa idara ndani ya Wizara ya Afya. Ukiwa na mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi na kuendelea, unakatwa shilingi 20.

Simama hapo kidogo. Elfu moja mwaka 1966 haikuwa pesa ya soda. Ilikuwa mshahara wa karani mkubwa, mwalimu mkuu, afisa wa serikali. Mkulima wa Kakamega, mvuvi wa Lamu, mchuuzi wa Gikomba, wote walikuwa nje. Kwa hivyo bima yetu ya umma haikuanza kama bima ya umma wote. Ilianza kama bima ya wenye mishahara. Mwaka 1972 sheria ikafunguliwa, wasioajiriwa wakaruhusiwa kujiunga kwa hiari, lakini mlango wa hiari ni mlango ambao maskini huuona akiwa ameshaugua.

Na hata waliokuwa ndani, walikuwa wanalipiwa nini? Kitanda. Kwa miaka mingi NHIF ililipa hospitali kiwango fulani kwa kila siku mgonjwa analala, kulingana na daraja la hospitali. Ukilazwa kwa hospitali kubwa ya binafsi, kadi inalipa hiyo siku, na bili ya daktari wa upasuaji, ya dawa ya usingizi na ya chumba chenyewe inabaki kwako. Ni kama kulipiwa kiti cha matatu halafu uambiwe mafuta ununue mwenyewe.

Ilivumilika kwa sababu hospitali za serikali hazikuwa ghali. Kisha ikaja Desemba 1989. Huo ni wakati wa masharti ya Benki ya Dunia na IMF, na Kenya ikaanzisha mpango wa wananchi kuchangia gharama. Kiswahili cha mtaa: lipa kwanza. Ada za wagonjwa wasiolazwa zilisimamishwa 1990 baada ya watu kupungua hospitalini, halafu zikarudishwa polepole. Mwaka huohuo wa 1990 makato ya NHIF yakapangwa kwa ngazi, kutoka shilingi 30 hadi 320 kulingana na mshahara.

Ukiongea na wazazi wetu kuhusu miaka ya tisini, watakuambia hadithi moja kwa sauti tofauti: kuandikiwa karatasi, kuambiwa nenda duka la dawa la nje ununue glavu, uzi wa kushonea, maji ya kutundika, ndio upasuaji uendelee. Ndipo bima halisi ya Wakenya ikajulikana, na jina lake ni harambee. Kadi za mchango, kikapu kanisani, mbuzi anauzwa, shamba linapunguzwa. Leo tumeihamishia WhatsApp, tumeipa nambari ya kulipia, lakini ni ile ile. Harambee ni kitu kizuri, usinielewe vibaya. Shida yake ni kwamba inategemea unajulikana na nani. Mtu mwenye jamaa benki atachangiwa laki tatu kwa siku mbili. Kibarua mgeni mtaani atachangiwa elfu nne, na apendiksi haingojei kamati ikutane Jumapili.

Na ukipasuliwa kabla ya pesa kutimia? Unazuiliwa. Wagonjwa waliopona walilazwa sakafuni wakilindwa kwa sababu bili haijaisha. Mpaka Septemba 2015 ndipo Mahakama Kuu, kwenye kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua, ikasema waziwazi kwamba hilo linavunja haki za binadamu. Lakini kila mtu anayesoma hapa anajua familia ambayo imewahi kuambiwa "malizeni bili kwanza".

Sasa tufike 2004, mwaka ninaoona ndio njia panda yetu kubwa. Charity Ngilu alikuwa Waziri wa Afya. Akaleta mswada wa bima ya kitaifa ambayo ingemfunika kila Mkenya, na serikali kuwalipia wasiojiweza. Waajiri walipinga, kampuni za bima za binafsi zilipinga, na ndani ya serikali kwenyewe kulikuwa na hofu kuhusu gharama. Bunge likaupitisha mwishoni mwa mwaka huo. Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Ukaishia hapo.

Kile kilichobaki mwaka huo kilikuwa kitu kidogo lakini kizuri: ada zikashushwa hadi shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya. Poa kabisa. Lakini hebu angalia vizuri. Zahanati haina chumba cha upasuaji. Vituo vingi vya afya wakati huo havikuwa nacho. Kwa hivyo maskini alipunguziwa bei mahali ambapo hakuna kisu, na mahali penye kisu bei ikabaki palepale. Kumbuka huo mchoro, kwa sababu utarudi.

Juni 2013 kikaja kitu kinachotuonyesha jinsi bei inavyofungua au kufunga mlango wa upasuaji. Serikali mpya ya Uhuru Kenyatta ikatangaza kujifungua bila malipo katika hospitali zote za umma, pamoja na kujifungua kwa upasuaji. Mwaka 2017 mpango ukawekwa chini ya NHIF kwa jina Linda Mama. Sasa soma takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya. Mwaka 2008-09, asilimia 43 ya watoto walizaliwa hospitalini au kwenye kituo cha afya. Mwaka 2014 ilikuwa 61. Mwaka 2022 ikawa 82. Na waliozaliwa kwa upasuaji walipanda kutoka asilimia 9 mwaka 2014 hadi 17 mwaka 2022.

Sio kila kitu hapo ni kazi ya sera moja. Barabara ziliongezeka, ugatuzi ulileta hospitali karibu, wasichana wengi zaidi walisoma. Lakini huwezi kuniambia bei haikuchangia. Mama aliyekuwa anaogopa bili alipoambiwa hakuna bili, alikuja. Na akija mapema, daktari anaona tatizo mapema.

Shida ni kwamba wastani wa nchi unaficha nchi mbili. Katika kaunti kadhaa za kaskazini, upasuaji wa kujifungua bado ni wachache mno, kiasi cha kukuambia wazi kwamba kuna akina mama waliouhitaji na hawakuupata. Kwenye miji, hasa hospitali za binafsi, ni wengi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba kiwango kikipita asilimia 10 hivi katika jamii nzima, hakuna ushahidi kwamba nyongeza inaokoa maisha zaidi. Kwa hivyo bima hiyohiyo inaweza kukosa kumfikia mama wa Mandera na wakati huohuo kumlipia mama wa Nairobi upasuaji ambao hakuuhitaji.

Aprili 2015 NHIF ikabadilika kweli. Makato ya wenye mishahara yakawa kati ya shilingi 150 na 1,700, na wa hiari akawa analipa 500 kwa mwezi. Mfuko ukaanza kulipia matibabu ya nje, kusafisha figo, matibabu ya saratani, na ukaweka vifurushi vya upasuaji. Hatimaye kadi ikaanza kulipia kisu. Mwaka huohuo serikali kuu ikaanza mpango wa kukodisha mashine kwa hospitali 98, kila kaunti mbili na zile kubwa za kitaifa, vikiwemo vifaa vya vyumba vya upasuaji. Mkataba wa awali ulitajwa kuwa wa shilingi bilioni 38. Seneti ilipokuja kuchunguza, ikakuta mashine nyingine zimekaa tu: hakuna wataalamu wa kuzitumia, au hakuna chumba, au hakuna maji na stima ya kutosha. Mashine imefika, mtu hajafika.

Halafu Desemba 2016 madaktari wakagoma. Siku 100, hadi Machi 2017. Wauguzi nao wakagoma 2017 kwa miezi mitano hivi. Hiyo miezi ndiyo somo kubwa zaidi la bima ambalo nchi hii imewahi kupewa. Kadi zilikuwa halali. Makato yaliendelea kutoka kwa mishahara. Lakini vyumba vya upasuaji vya umma vilikuwa giza. Bima ni ahadi ya kulipa. Haimkati mtu, haimshoni.

Binamu yangu anaijua hii sentensi kwa mfupa. Yeye ni wa boda. Mnajua vile pikipiki zilivyojaa baada ya serikali kuondolea zile ndogo ushuru miaka ya 2000 ikielekea kuisha: kazi kwa maelfu ya vijana, na wodi za mifupa zikajaa nazo. Mwaka 2021 aligongwa usiku, mguu ukavunjika, mfupa nje. Hospitali sitaitaja. Kadi yake ya NHIF ilikuwa hai, alikuwa analipa mia tano zake bila kuruka. Wakamsafisha kidonda, wakamlaza. Siku ya kwanza wakasema chuma cha kuweka mguuni hakipo. Siku ya tano wakasema kipo lakini anayelaza watu usingizi ni mmoja na anashughulikia akina mama kwanza. Siku ya tisa shangazi akaambiwa akitaka haraka anunue chuma nje. Tukafanya nini? Harambee. Alipasuliwa siku ya kumi na mbili. Na kwa siku zote hizo kumi na mbili, kadi ililipa kitanda bila shida yoyote. Kidonda kilikuwa kimeshaingia usaha. Leo anaendesha tena, lakini mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine.

Si daktari aliyekuwa mbaya. Yule mlaza-usingizi alikuwa mmoja, na kumchagua mama anayevuja damu kabla ya mguu ni uamuzi sahihi. Kosa liko pale ambapo mtu mmoja anapewa uamuzi kama huo kila usiku.

Kuna upande mwingine wa sarafu. Juni 2023 upekuzi wa runinga ulionyesha wazee kutoka mashambani waliobebwa hadi Nairobi kwa ahadi ya matibabu ya magoti bila malipo, wakafanyiwa upasuaji, NHIF ikatumiwa bili. Hospitali kadhaa zikasimamishwa. Fikirieni hapo: kijana aliyevunjika mguu anangoja siku kumi na mbili, na mzee aliyekuwa anatembea anapasuliwa kwa sababu goti lake linalipa vizuri. Pesa ya bima hufuata kile kinacholipa, si lazima kile kinachouma.

Oktoba 2023 Rais Ruto akatia sahihi sheria nne za afya, na NHIF ikahukumiwa kufa. Mahakama Kuu ikasema Julai 2024 kwamba tatu kati ya sheria hizo mpya, pamoja na ile ya bima yenyewe, hazikufuata Katiba. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba, choo, mifugo na kadhalika, halafu mfumo unampigia hesabu. Chini kabisa ni 300 kwa mwezi, na inatakiwa ilipwe ya mwaka mzima, yaani 3,600 kwa mara moja. Baadaye wakaleta Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kukuwezesha kulipa kidogo kidogo. Kwa mama mboga huo mkopo ni afueni, lakini bado ni mkopo.

Sasa ule mchoro wa 2004 umerudi. SHA ina mifuko mitatu. Ule wa afya ya msingi unakuhudumia kwa zahanati na kituo cha afya ukiwa umejisajili tu. Ule wa bima ya jamii, unaolipia kulazwa na kupasuliwa katika hospitali kubwa, unataka uwe umelipa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu. Kufikia katikati ya 2025 tuliambiwa zaidi ya watu milioni 20 wamejisajili. Makofi. Lakini wasioajiriwa wanaolipa ni sehemu ndogo ya hao. Kujisajili si kulipa. Aliyejisajili bila kulipa ana bima ya panadol. Mlango wa kisu bado umefungwa, kama alivyofungiwa baba yake.

Na hata aliyelipa anategemea kama hospitali imelipwa. NHIF iliacha madai ya hospitali ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Februari 2025 hospitali nyingi za binafsi zikasitisha huduma kwa wanachama wa SHA kwa kukosa kulipwa. Hospitali isiyolipwa hainunui uzi wala dawa ya usingizi. Inaanza kukuambia ununue nje. Tumerudi miaka ya tisini na kadi mkononi.

Je, nasema bima ni bure? Hapana. Linda Mama ilionyesha kwamba ukiondoa bei, watu wanakuja, na maisha yanaokolewa. Wanaosema tuachane na bima ya umma turudie harambee hawajawahi kuchangiwa elfu nne. Ninachosema ni kwamba tangu 1966 tumekuwa tukihesabu kadi, na hatuhesabu visu. Waziri anasimama na idadi ya waliosajiliwa. Hakuna anayesimama na idadi ya vyumba vya upasuaji vinavyofanya kazi saa nane usiku.

Kwa hivyo ukiulizwa na mwanasiasa kama umejisajili SHA, muulize nawe maswali matatu. Hospitali ya kaunti yetu ina watu wangapi wa kulaza mgonjwa usingizi, na wangapi wako zamu usiku? Ilipopeleka bili yake ya mwisho, ililipwa baada ya siku ngapi? Na wasioweza kulipa ya mwaka mzima, kaunti na serikali kuu zimewalipia wangapi kwa majina, si kwa hotuba?

Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mfupa ulio nje ya ngozi ni dharura. Mtoto aliyekwama ni dharura. Uchaguzi ni 2027, na hawa watu watakuja mtaani kwenu kuomba kura. Lipa SHA yako kama unaweza, kisha wangoje na hayo maswali.